Nilimgawia Mdogo Wangu Kikopo, Uso Wangu Ukababuka Kwanza

Mwenzenu nimekaa na hili jambo tangu mwezi wa nne na nilikuwa naona aibu kulisema. Ila juzi kwenye daladala ya Mbagala nimemsikia binti mmoja anamwambia mwenzake, "Uso ukianza kuchonyota ujue dawa inafanya kazi." Nilitaka kugeuka nimwambie kitu, konda akaita kituo changu nikashuka. Basi namwambia hapa, maana na mimi niliamini hivyohivyo.

Picha linaanza Januari. Mdogo wangu wa kunifuata alikuwa amekuja kuposwa, mahari ikapokelewa, sendofu ikapangwa mwezi wa sita. Mimi nina miaka 29, yeye 26. Mnawajua wenyewe shangazi zetu. Hakuna aliyesema kitu kibaya, ila kila kikao mmoja lazima aniangalie halafu aseme, "Na wewe mwanangu jitengeneze basi." Jitengeneze! Kwani nimeharibika? Nilikuwa na chunusi kidevuni na madoa meusi ya chunusi za zamani, basi. Ila nilikuwa mpambe, nilijua nitakaa pembeni ya bibi harusi mbele ya kamera saa nne nzima, na lile neno likaniingia.

Nikaenda Kariakoo. Sitasema mtaa wala duka. Dada wa pale ni mcheshi, anakuita mrembo hata kama umeamka na matongotongo. Akafungua tyubu tatu, akaongeza krimu nyeupe aliyoichota kwenye ndoo, akakoroga kwa kijiko cha mti mbele ya macho yangu, akanijazia kikopo cheupe kisicho na hata herufi moja. Shilingi 15,000. Nikamuuliza kama ule ni mkorogo. Akacheka, "Mrembo jamani, mkorogo ni wa kujichubua. Hii ya kutakata tu." Na mimi, mwenye elimu yangu, nikalikubali lile jibu. Nimemwona kabisa anakoroga halafu nakubali kwamba siyo mkorogo. Ukitaka kitu, neno lolote linakutosha.

Na ukweli lazima niuseme, kile kitu kilifanya kazi. Ndani ya wiki moja chunusi zilikauka zote. Wiki ya tatu watu wa ofisini wakaanza, "Unatumia nini wewe?" Uso laini, rangi moja, hauna hata alama. Mdogo wangu alipokuja nyumbani akanishika shavu, akasema, "Dada, mimi ndo naolewa halafu wewe ndo unang'aa?" Tukacheka. Nikachukua kijiko cha chai nikamgawia nusu ya kikopo, nikamwekea kwenye kopo la zamani la losheni ya mtoto. Na kilipokwisha nikamwelekeza dukani mwenyewe.

Mwezi wa nne ndo mambo yakaanza kugeuka. Nikikaa juani dakika kumi kusubiri bajaji, uso unawaka kama nimeinamia jiko la mkaa. Jasho likishuka linachonyota. Jioni nikipaka kikopo changu, panatulia. Asubuhi moto umerudi. Nikaanza kupaka mara tatu badala ya mara moja, maana dawa si ndiyo inayotuliza? Halafu Jumapili moja kikakwangika hadi chini, nampigia muuzaji simu, kasafiri kufuata mzigo.

Siku ya tatu bila kupaka sikuweza kufungua jicho la kushoto. Mashavu yamevimba yanang'aa kama nailoni. Zile picha za mtandaoni zinaonyesha watu weupe uso umekuwa mwekundu, lakini kwa rangi yetu haiji hivyo. Wangu ulikuwa zambarau ya kuelekea weusi, na kuzunguka mdomo vipele vidogovidogo vyenye maji. Siku ya tano ngozi ikaanza kutoka magamba. Nimebabuka, kwa kifupi.

Hapo ningekaa kimya tu ingekuwa nafuu. Lakini nani anakaa kimya na uso wa hivyo? Ndani ya siku nne nilipaka limao na asali, manjano, liwa ya shangazi, dawa ya meno kwenye vipele, halafu nikajifunika shuka nikajipiga mvuke wa majani ya mpera. Limao lilivyogusa shavu nilipiga kelele jirani akaja kugonga. Mama alikuwa ananiangalia muda wote, mwisho akasema, "Mwanangu, hebu acha kuupika huo uso." Ndiye aliyenisindikiza hospitali.

Daktari wa ngozi ni mama wa makamo, kasomea kule Moshi kwenye kile kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, wale wanaotengeneza krimu ya kukinga jua kwa ajili ya wenzetu wenye ualbino. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Vua miwani na barakoa, mwanangu." Nilikuwa nimevaa vyote viwili. Akaniambia nirudi kesho yake na kila kitu kinachogusa uso wangu. Nikarudi na mfuko. Akavipanga mezani kimoja kimoja: vitu 11. Kile kikopo kitupu akakigeuza, akakinusa, akakitenga peke yake.

Alinieleza taratibu na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Vikopo visivyo na jina mara nyingi vinakuwa na steroidi kali, kama klobetasoli. Hiyo ni dawa halali kabisa, daktari anaiandika kwa ukurutu mkaidi, sehemu ndogo, kwa wiki chache. Inazima wasiwasi wa ngozi na kubana mishipa midogo ya damu, ndiyo maana chunusi zinapotea na uso unaonekana mweupe na mtulivu. Ila ukiipaka kila siku usoni, ngozi inakuwa nyembamba na mishipa inazoea kubanwa. Siku ukiacha inafunguka yote kwa pamoja na uso unalipuka, halafu wewe unaona dawa ndiyo iliyokuwa inakusaidia, unairudia. Pia vinaweza kuwa na haidrokwinoni, ambayo kwenye vipodozi hapa kwetu imepigwa marufuku, na ikitumika muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kibluu usiofutika. Au zebaki. Zebaki jamani, ya kwenye vipimajoto vya zamani. Inapita kwenye ngozi na kuumiza figo, na mama mjamzito inamfikia mtoto. Kuna mkataba wa dunia nzima juu yake, wa Minamata wa mwaka 2013, umepewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliumia kwa zebaki.

Akaniuliza nilipaka wapi na kwa muda gani. Uso na shingo, miezi minne. Akashusha pumzi. Akasema mtu anayepaka mwili mzima kwa miaka asiamke siku moja akaacha mwenyewe, maana mwili unaweza kuwa umezembea kutengeneza homoni yake na mtu akaanguka. Huyo anaachishwa na daktari, kidogo kidogo. Mnaotumia mwili mzima, hapo nawaomba msome mara mbili.

Mimi nikapewa vidonge vya vile vipele vya mdomoni, halafu akageuza karatasi ya maabara akaandika nyuma vitu vitatu. Nikasubiri aendelee. Akaniambia, "Ndo hivyo tu." Nilichukia, niseme kweli. Nimekuja na vitu 11 nimeondoka na vitatu, tena kimojawapo mafuta ya mgando, yale ya mtoto mchanga.

Asubuhi: maji tu. Ya kawaida, siyo ya moto wala ya barafu, kwa viganja. Dodoki lilitupwa siku hiyohiyo. Jioni: kuosha kwa kioshea uso ambacho siyo sabuni, hakina harufu na hakitoi povu la kutisha. Kumbe ngozi yenyewe ina asidi kidogo, pH yake kama 5. Sabuni ya kipande inakwenda 9 hadi 10, limao liko kama 2. Mimi nilikuwa nautoa uso wangu huku nauleta kule kila siku, halafu nashangaa unawaka. Na sisi tunaokaa maeneo ya maji ya kisima tuna mtihani wetu. Maji yetu yana chumvi, sabuni haitoki vizuri, inabaki utando usoni. Nikawa naweka ndoo ndogo ya maji ya bomba ya kusuuzia uso peke yake. Kaka yangu akaipikia chai siku moja, tuligombana kama watoto.

Kukausha: khanga kuukuu, kwa kubonyeza, siyo kusugua. Uso ukiwa bado na unyevu unapaka losheni isiyo na harufu yenye gliserini, na usiku juu yake mafuta ya mgando kidogo sana, punje ya kunde kwa uso mzima. Hapo niliogopa, nikajua kwa joto la Dar na chunusi zangu nitafuka. Daktari akasema ngozi iliyobabuka ni kama ukuta uliotoka saruji kati ya matofali, maji yanavuja nje na uchafu unaingia ndani. Mafuta yale hayatibu kitu, yanaziba tu wakati fundi anafanya kazi, na fundi ni ngozi yenyewe. Ukuta ukishika, unayapunguza.

Mchana: jua. Kofia pana, mtandio, kutembea upande wa kivuli, na krimu ya kukinga jua ya SPF 30 yenye zinki, maana zile nyingine zilinichonyota. Zinki kwenye rangi yetu inakuwa kama umetoka mashineni kusaga unga. Ofisini walinitania wiki nzima. Nilipaka hivyohivyo, kwa sababu ngozi nyeusi ikiumia inaacha doa, na jua linalikoleza lile doa. Kusugua doa kwa skrabu ni kuiumiza tena, na inakujibu kwa doa jingine. Nilikuwa nimeupigania uso wangu miaka yote kwa njia hiyo, nikitengeneza kile ninachokifuta.

Foronya nikazifua kwa sabuni isiyo na manukato. Vipodozi vya kupamba, hapana. Kitu chochote kipya kinajaribiwa kwanza ndani ya mkono kwa siku saba, na vitu viwili haviingii kwa pamoja. Ratiba ndiyo hiyo, haina siri nyingine.

Kazi ilikuwa kwenye kusubiri. Wiki ya kwanza afadhali, wiki ya pili ikawa mbaya kuliko mwanzo. Usiku unawasha hadi nalalia mikono. Na kila mtu ana dawa! Jirani ana mafuta ya mnyonyo, mwenzangu wa ofisini ana seramu kutoka Dubai, mama mmoja kanisani kaniletea maji ya mchele kwenye chupa ya soda. Watu wema wote. Kuwakatalia kila siku kulinichosha kuliko ugonjwa.

Halafu Alhamisi moja ikaingia meseji: "Mrembo mzigo umefika."

Wapendwa, nilipanda gari. Nilishuka Kariakoo na Sh 15,000 nimeikunja mkononi. Kwa sababu nilijua kabisa nikipaka usiku ule asubuhi nitaamka na uso wa mtu. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nikafika hadi upande wa pili wa barabara nikaliona duka, nikamwona yule dada anamkorogea mtu mwingine, msichana mdogo ana begi la chuo. Na hapo ndo nikamkumbuka mdogo wangu.

Nisiseme nilimkumbuka. Nilikuwa namkumbuka siku zote. Tangu uso umelipuka nilikuwa namkwepa, simu zake napokea bila video, nimemwambia nina malaria. Wiki tatu, na yeye anaendelea kupaka nilichompa kwa mkono wangu. Nilikuwa najiambia nitamweleza nikishapona, ili asiogope. Nilikuwa naona aibu tu.

Nikampigia palepale barabarani, video, nikavua mtandio. Alinyamaza muda mrefu. Nikamweleza yote, klobetasoli, zebaki, yote. Akaniuliza, "Nikiacha leo, nitakuwa hivyo?"

Nikamwambia inawezekana.

"Dada, zimebaki wiki tano."

Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Akiacha anaweza kufika sendofu amebabuka, mbele ya wakwe. Akiendelea anazidi kuchimba. Nikamwomba aje kwa daktari wangu, atampangia. Akasema atafikiria. Kabla ya kukata akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Si wewe ndo ulinipa?" Kisha akakata.

Nilirudi nyumbani na zile hela zangu. Sijui kama ni ujasiri. Miguu tu ilikataa kuvuka barabara.

Hakuja kwa daktari. Aliendelea hadi siku yenyewe. Mimi wiki ya sita uvimbe ulikuwa umekwisha, magamba yamekwisha, maji hayachonyoti tena, kilichobaki ni madoa kama ramani kwenye mashavu yote mawili. Mpambaji wa siku ile aliponiona akafungua boksi lake lote. Nikamwambia uso wangu hapana, paka macho na mdomo. Tukabishana hadi akaita kamati. Mama akaja akasema, "Mwache mwanangu alivyo," na mama akisema hivyo kamati inarudi kupanga viti.

Kwa hiyo picha za sendofu zipo. Mdogo wangu anang'aa kama taa, kila mtu anasema hajawahi kuona bibi harusi katakata vile. Pembeni yake niko mimi na madoa yangu. Shangazi mmoja kwenye foleni ya chakula akanishika kidevu, nikajikaza kwa "jitengeneze" nyingine. Akaniuliza kwa siri, "Na hayo magamba yako yaliishaje? Maana na mimi..." Akanionyesha vidole vyake. Viungo vya vidole vyeusi tii, mkono uliobaki mweupe. Miaka yote nimekula naye sahani moja sikuwahi kuviona.

Mwezi wa saba, Jumamosi, mdogo wangu akaja nyumbani peke yake bila taarifa, amejitanda hadi puani, na mfuko wa rambo mkononi. Hakusema kitu. Aliumimina mezani. Vitu tisa, na lile kopo la losheni ya mtoto likiwa juu.

Nilimpeleka Jumatatu. Daktari aliagiza mkojo upimwe kuangalia figo, na kipimo cha ujauzito, maana ni bibi harusi wa mwezi mmoja. Tulikaa kwenye benchi la maabara saa mbili hatuongei. Nilikuwa nimemshika mkono na yeye kauacha nimshike, lakini haukushika wangu. Figo ziko salama. Mimba hakuna. Daktari akamwambia wasubiri kwanza kwa muda, wakati mwili unajisafisha. Akageuza karatasi ya maabara akaandika vitu vitatu.

Sasa yuko wiki ya pili, ile mbaya. Mume wake anajua, na amejitahidi. Mara ya kwanza alimnunulia skrabu ya kahawa kwa upendo kabisa, nikaenda kuichukua.

Jana kanipigia saa saba usiku analia kwamba inawasha, hawezi kulala, kuna kitu kidogo kimebaki kwenye kopo, apake tone tu? Nikamwambia alowanishe khanga kwa maji ya kawaida, aiweke usoni dakika kumi, apake mafuta ya mgando, azime taa. Nikamsikia anafanya, maji yanachuruzika. Baadaye akauliza, "Halafu?"

Nikamwambia halafu basi. Akasema, "Usikate simu lakini."

Sikukata. Tulilala simu ziko hewani hadi salio likaisha.